Cheti cha kwanza cha roketi za nguvu kubwa, kwa mtu wa Malindi

Niliporudi nyumbani na kadi yangu ya Daraja la Kwanza, mzee mmoja wa Ngomeni ambaye huwa tunakunywa kahawa pamoja aliipokea, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na ikaangukia wapi?"

Hakuuliza ilipaa kiasi gani. Yeye alikuwa mtoto wakati Waitaliano walipokuwa wakirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini mbele ya kijiji chao. Anasema tarehe 12 Desemba 1970, siku satelaiti ya Uhuru ilipokwenda, kijiji kizima kilikuwa kinatazama juu isipokuwa baba yake, aliyekuwa anatazama maji. Mvuvi akiona kitu kinapaa hutaka kujua kitashukia wapi, maana nyavu zake ziko huko.

Vijana wa hapa wanaoniuliza habari za cheti hiki karibu wote huanza na urefu: itafika wapi, itapita mawingu? Nawajibu kwamba kupaa ni kazi ya mota, yaani ganda lenye fueli linaloisukuma roketi, na mota umeinunua dukani. Mtihani wa cheti ni kuirusha roketi uliyoijenga mwenyewe mbele ya mkaguzi, naye anaangalia zaidi vile inavyorudi. Basi mwongozo huu una maneno mengi juu ya kushuka na machache juu ya moto.

Nguvu kubwa ni ipi

Mota za roketi za mfano hupangwa kwa herufi, na kila herufi inabeba hadi mara mbili ya ile iliyotangulia. Kipimo chake ni nyutoni-sekunde, yaani msukumo ukizidishwa kwa muda ambao mota inasukuma. Mota ya A haivuki 2.5. Ya G inaishia 160. Ukivuka hapo umeingia nguvu kubwa. Daraja la Kwanza linakufungulia H (160 hadi 320) na I (320 hadi 640). J, K na L ni Daraja la Pili, ambalo lina mtihani wa kuandika. M na kuendelea ni la Tatu, na huko ni kwa watu wenye subira na mfuko.

Herufi peke yake haitoshi. Mota yenye fueli zaidi ya gramu 125, au yenye msukumo wa wastani unaozidi nyutoni 80, huhesabiwa nguvu kubwa hata kama imeandikwa G.

Kwenye mota utasoma kitu kama H100-10. H ni tabaka lake. 100 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. 10 ni sekunde za kungoja tangu fueli kwisha mpaka baruti kidogo iliyo kichwani mwa mota ilipuke na kusukuma parachuti nje. Wageni wengi huipuuza namba hii ya mwisho, nayo ndiyo inayowafelisha. Parachuti ikitoka mapema, roketi bado ina kasi na kitambaa kinachanika. Ikichelewa, roketi imeshainamisha pua na inakuja chini kama mshale.

Sheria kabla ya gundi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Usichanganye fueli jikoni kwa mama. Najua video zipo, na najua vitu vyenyewe vinauzwa madukani. Lakini kwa cheti hiki mota ya kujitengenezea haikubaliwi hata kidogo: lazima iwe ya kiwandani, iliyopimwa na kuidhinishwa. Kwa hiyo hata usipoungua, huna ulichopata.

Tena kuna sheria. Kenya tuna Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inayosimamia kutengeneza, kuingiza, kuhifadhi na kutumia vilipuzi. Anga nayo iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na ukumbuke Malindi ina uwanja wa ndege ambao ndege zake ndogo hupita juu ya paa zetu kila siku. Sitaki uwe mtu wa kwanza kumweleza hakimu wa Malindi kwamba mota yako si kilipuzi bali ni hobi.

Anayetaka kurusha hapahapa nchini aingie kwa mlango wenye watu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja wana mradi wao wa roketi uitwao Nakuja, na serikali iliunda Kenya Space Agency mwaka 2017. Lakini cheti ninachokieleza mimi hutolewa na vyama vya warusha roketi vya nje, na njia niliyopita ni hii: roketi niliijenga Malindi, nikairushia Marekani nilipokwenda kusoma. Kama una safari ya masomo, ya kazi, au una shangazi anayeishi huko na anakualika kila mwaka, sasa una sababu ya kukubali.

Chama gani

Marekani kuna viwili vikubwa: NAR (National Association of Rocketry), cha tangu 1957, na Tripoli, cha tangu 1964 (jina lisikutishe uwanja wa ndege, halihusiani na Libya). Kanada kuna CAR na Uingereza kuna UKRA. Madaraja ya NAR, Tripoli na CAR yanatambuana. Jiunge na kile chenye uwanja karibu na utakapofikia, usichague kwa uzuri wa nembo. Uanachama unalipiwa kwa mwaka, na ndani yake mna bima ya dhima ukirusha kwa kufuata kanuni zao. Umri ni miaka 18. NAR wana mpango wa vijana wa miaka 14 hadi 17, ambao hurusha chini ya mtu mzima mwenye cheti.

Jiunge mapema, angalau mwezi kabla, na uwaandikie watu wa klabu kwamba unakuja kwa jaribio la Daraja la Kwanza. Wanapenda kujua. Mimi waliniuliza nitahitaji mota gani, wakamwambia muuzaji wao aje nayo.

Chupa ya soda

Kabla ya kununua chochote, tengeneza roketi ya maji: chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji robo yake, pampu ya baiskeli, na mapezi ya plastiki ngumu. Ufukweni asubuhi bahari ikiwa imetoa unapata uwanja mpana usio na mtu. Toa mapezi uone inavyozungukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Yarudishe, weka udongo kidogo kwenye pua, uone inavyonyooka. Nusu ya nadharia ya roketi utakuwa umeielewa kwa shilingi chache. Kisha weka parachuti ya mfuko wa plastiki, na hapo ndipo utakapoanza kuheshimu kushuka.

Kujenga

Kwa jaribio la kwanza jenga roketi nene, nzito kiasi, isiyo na madoido. Nene huonekana ikiwa juu, na haiendi mbali. Yangu ilikuwa bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10, urefu mita moja na nusu, uzito kilo moja na nusu ikiwa na mota ndani. Unaweza kununua kiti, yaani vipande vilivyokatwa tayari. Hakuna aibu, na vyama vinakubali mradi umeiunganisha mwenyewe. Usitie kifaa cha elektroniki cha kufungua parachuti. Baruti ya mota inatosha kwa daraja hili, na kila waya unaouongeza ni sababu nyingine ya kufeli.

Vitu vinavyoruhusiwa ni karatasi, mbao, mpira, plastiki na faibaglasi. Chuma hakitakiwi isipokuwa pale ambapo hapana budi, tena laini kisichovunjika vipandevipande.

Mapezi kata kwa plaiwudi ya milimita tano hivi, ile ya mashua ukiipata, maana ya kawaida hewa ya pwani huivimbisha. Yapenyeze kwenye mipasuo ya bomba mpaka yaguse bomba dogo la mota lililo ndani, yasibandikwe juu tu ya ngozi. Gundi ni epoksi. Mafundi wanaotengeneza boti za faibaglasi wanaijua kuliko mtu yeyote, na mmoja wao alinisahihisha jambo ambalo maelekezo ya kiti hayakuliandika: kwenye joto letu epoksi hushika upesi mno. Kile kikombe ulichoambiwa kina dakika 30, saa nane mchana kitaganda mkononi mwako na kuwa cha moto. Changanya kidogo kidogo, fanya kazi alfajiri.

Bomba la karatasi lipake vanishi nje na ndani kwenye ncha. Nililiacha langu wiki mbili bila kupakwa, chini ya dirisha linalotazama bahari, na mdomo ukavimba mpaka pua haikuingia. Ilinichukua jioni nzima na msasa.

Mambo matatu ya kutofanyia ubahili. La kwanza, kishikilia mota: kifuniko cha skrubu au vibano vinavyozuia mota isichomoke nyuma baruti inapolipuka. Mota ikianguka peke yake kutoka juu, umefeli hapo hapo. La pili, kamba inayounganisha pua na bomba. Mimi naiita amari, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya kamba ya nanga. Iwe na urefu wa angalau mara tatu ya roketi, iwe ya nailoni pana au ya nyuzi zisizoungua. Kamba fupi na nyembamba inakata mdomo wa bomba kuteremka chini kama waya unavyokata mche wa sabuni, na roketi iliyopasuka hivyo haihesabiki salama. La tatu, tundu dogo la milimita tatu ubavuni, ili hewa iliyo ndani itoke roketi inapopanda. Bila hilo hewa hiyo yenyewe inaweza kuisukuma pua nje.

Hesabu mbili

Hesabu ya kwanza ni msukumo. Wastani wa msukumo wa mota uwe mara tano ya uzito wa roketi au zaidi. Kilo 1.5 zidisha kwa 9.8, kisha kwa 5: unapata nyutoni 73 na kitu. Mota ya H100 inapita. Unachotafuta ni kasi ya kuondoka kwenye reli, ule mhimili unaoishika roketi wima na kuielekeza inapoanza kupaa, karibu mita 15 kwa sekunde, kwa sababu chini ya hapo mapezi hayana upepo wa kutosha wa kuinyoosha. Kwa roketi yangu na reli ya mita mbili, hesabu inatoa mita 15 barabara.

Ya pili ni vitovu viwili. Kitovu cha uzito ni pale roketi inapolala sawa ukiininginiza kwa uzi. Kitovu cha shinikizo ni pale nguvu za upepo zinapokusanyika, na hicho huwezi kukipata kwa uzi. Kitafute kwa programu. Ipo ya bure iitwayo OpenRocket, iliyoanza kama kazi ya shahada ya Sampo Niskanen katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki mwaka 2009. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha shinikizo kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Kwangu ni sentimita 10. Pima mota ikiwa ndani, pamoja na parachuti na kila kitu, kwa kuwa mota iko mkiani na inavuta kitovu nyuma. Kisha weka alama ya vitovu vyote viwili juu ya bomba kwa kalamu, mkaguzi ataviulizia.

Usizidishe pia. Roketi yenye nafasi kubwa mno kati ya vitovu hivyo hugeuza pua kuufuata upepo, kama jahazi lililotia nanga linavyojigeuza kuutazama upepo, na badala ya kwenda juu inakwenda shamba la jirani.

OpenRocket pia itakuambia sekunde za kungoja. Yangu ilisema nane, na mota niliyoipata ilikuwa ya kumi. Mota nyingi huja na muda mrefu, halafu hupunguzwa kwa kifaa maalumu cha mtengenezaji. Mwombe mtu mwenye uzoefu akusimamie.

Parachuti

Kitambaa ni nailoni nyepesi ile ya miavuli mizuri au ya mahema. Nilimpelekea fundi cherehani mmoja mtaa wa Shela, hapahapa Malindi, vipande vinane vilivyokatwa mfano wa pembe ndefu.

"Kijana, mwavuli huu wa nani? Jini?"

"Wa roketi, fundi."

Akanyamaza kidogo, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Basi nitapiga mara mbili kila mshono," akasema, na kweli akapiga mara mbili. Mishono ile haijaachia mpaka leo.

Ukubwa wake una hesabu. Roketi ya kilo 1.35, yaani fueli ikiwa imeshaungua, inahitaji parachuti bapa ya kipenyo cha mita 1.2 hivi ili ishuke kwa mita 5 kwa sekunde. Ukishona ya mita moja itakuja kwa mita 6, ambayo bado inavumilika kwenye majani. Usiende kubwa kwa kuogopa. Roketi yangu ilikuwa ifike kati ya mita 400 na 500. Kwa mita 5 kwa sekunde, mita 400 ni sekunde 80 za kuelea. Upepo ukiwa mita 6 kwa sekunde utaichukua karibu mita 480 ubavuni. Aliyezoea kusi la mwezi wa saba hapa kwetu anajua mita 6 si upepo wa kutisha. Na ikitua nje ya mipaka ya uwanja, hakuna cheti.

Kukunja ndiko kulikonifelisha. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kwenye malisho ya ng'ombe katika jimbo la Kansas. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliikunja parachuti chumbani, ikawa nadhifu mno, na kamba zake nikazizungusha juu ya kitambaa kwa kubana, kama mshipi unavyozungushwa kwenye kibao. Asubuhi roketi ilipanda vizuri kuliko nilivyoota. Ilipofika kileleni ikatoa kimoshi cheupe, pua ikaachana na bomba, parachuti ikatoka. Ikaning'inia hapo, imefumba, kama soksi juu ya kamba ya nguo. Nilisikia kishindo kabla ya kuelewa ninachokiona. Pezi moja lilivunjika kwenye mzizi. Mkaguzi aliiokota pamoja nami, akanionyesha kamba zilivyojifunga, hakusema zaidi.

Likizo iliyofuata nilimsimulia yule mzee wa Ngomeni. Akachukua kanga iliyokuwa kwenye kiti, akaitandaza mkekani. "Mwanangu, wewe umelifunga tanga lako likae kwenye sanduku," akanambia. "Mimi nikilifunga, nataka nikivuta kamba moja lifunguke lote, hata kama ni usiku na mawimbi yananipiga." Akaikunja, akavuta pembe moja, kanga ikatanda. Akaikunja tena, akanipa mimi nivute. Tulifanya hivyo mpaka mke wake akaja kuitaka kanga yake.

Njia niliyoipata kwake, nikailinganisha na wanavyofanya wenzetu wa roketi, ni hii. Ishike parachuti kileleni, kamba zote zining'inie. Zipitishe vidole kuhakikisha hakuna iliyopanda juu ya nyenzake. Laza vipande kimoja juu ya kingine, vinne kushoto na vinne kulia, kama kurasa. Nyunyiza poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, ili nailoni isishikane. Kunja upana mara moja, kisha nyingine. Kamba zipange juu ya kitambaa kwa kwenda na kurudi, jinsi kamba ya nanga inavyopangwa sitahani, usizizungushe. Funika, viringisha kwa ulegevu. Kisha ifunge kwenye kitambaa maalumu kisichoungua kama unavyofunga sambusa, upande uliofungwa ukitazama mota, maana baruti inayokuja ni ya moto.

Jaribio lake: ingiza ndani ya bomba, liinamishe bomba, tikisa mara moja. Parachuti iteremke kwa uzito wake. Ukilazimika kuivuta kwa vidole, toa uanze upya. Na ikunjwe siku hiyohiyo, uwanjani. Iliyolala imekunjwa kwa wiki, tena kwenye unyevu wa pwani, inakumbuka mikunjo yake.

Siwezi kusema hili ni gumu. Ni dakika kumi za kazi. Lakini nilifeli kwa dakika kumi hizo, baada ya miezi minne ya kujenga.

Safari

Gawa bomba katikati kwa kiungio ili liingie kwenye sanduku. Mota, baruti na viwashio havipandi ndege ya abiria, si mkononi si kwenye mzigo. Vyote utavinunua uwanjani kule. Chupa za epoksi mbichi pia ziache nyumbani. Weka ndani ya bomba karatasi yenye picha ya roketi na maneno machache kwamba ni mfano, hauna mota wala fueli. Uwanja mmoja wa ndege niliopitia, askari aliitoa pua, akaichungulia, akaniuliza kama ni chombo cha kupikia. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma yote, akaita mwenzake naye aisome, wakanirudishia wakicheka.

Siku yenyewe

Fika mapema, upepo ukiwa bado mdogo. Kanuni inakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, lakini kwa cheti mimi nisingerusha hata kwenye nusu yake. Tazama mawingu, maana bendera ya uwanjani inakuambia habari za chini tu. Nchini Marekani roketi za ukubwa huu zinahitaji ruhusa ya mamlaka ya anga, FAA. Klabu huwa imeshaichukua, wewe kazi yako ni kutopita urefu walioruhusiwa.

Nunua mota, iunganishe ukiwa na karatasi yake mbele yako, na usione haya kusoma kila mstari. Jaza kadi ya urushaji na fomu ya cheti. Peleka roketi kwa afisa wa usalama. Ataivuta pua aone haikubana wala haikulegea, atayatikisa mapezi, ataangalia mota imeshikwaje, atauliza vitovu, atauliza sekunde ulizochagua na kwa nini. Sema unachojua. Usichokijua, sema hukijui, mtakaa mkitafute pamoja. Hawa si watu wa kukutega.

Ukipangiwa reli, iteleze roketi taratibu usikie kama inakwama. Reli inaweza kuinamishwa kidogo, lakini isizidi digrii 20 kutoka wima. Kiwashio ndicho cha mwisho, roketi ikiwa imeshasimama na kutazama juu: kisukume mpaka kiguse mwisho kabisa wa ndani ya mota, kirudi kwa unywele, ukifunge kisichomoke. Kiwashio kilichoingia nusu ndicho sababu ya roketi nyingi kukaa tu hapo zikitoa moshi. Unga nyaya, ondoka. Kwa H na I umbali wa chini ni mita 30, na viwanja vingi hukuweka mbali zaidi.

Sekunde tano za kuhesabu, kitufe. Isipowaka, usiende. Umeme ukatwe kwanza, kisha subiri dakika nzima.

Ikiwaka, kazi yako ni macho. Usipige picha; mwachie mwingine. Ifuate mpaka kileleni, hesabu sekunde, tazama parachuti ikitanda, kisha chukua alama mbili chini ya pale inapotua: mti na nguzo, mti na paa, kama wavuvi wanavyoweka alama za mwamba wao wa samaki. Mwanzoni nilidharau hili, na jirani yangu wa reli alitafuta yake kwenye majani ya kiunoni mpaka jua linazama.

Usikimbie kuiokota. Uwanja ukifunguliwa, nenda ukaichukue na kuirudisha mezani ilivyo, bila kupangusa wala kunyoosha kitu. Ganda la mota litakuwa la moto, shika kwenye bomba. Waangalizi wanataka kuona vipande vyote vilishuka vimeunganishwa, parachuti ilifunguka, mota bado imo, na kwamba roketi hiyo ingeweza kurushwa tena leo bila kutengenezwa. Mkwaruzo wa rangi hausumbui. Pezi lililolegea linasumbua. Mimi mara ya pili nilirudisha roketi yenye matope puani na samadi kavu kwenye kamba, wakaichunguza dakika mbili, wakatia sahihi.

Fomu ipige picha kabla hujaitoa mkononi. Kisha, kama mota yako ni ya kujazwa upya, lifungue ganda jioni hiyohiyo na ulioshe kwa maji ya moto na sabuni, siki kidogo kama masizi yameganda. Ukiliacha mpaka kesho vipande vyake havitatoka ila kwa nyundo, na kama uliazima, kama mimi, mwenyewe atakungoja pale pale kwenye gari lake.